Kuomba Kujitolea kwa Wagonjwa wa Kifua Kikuu: Niliyojifunza Temeke

Vijana wa mtaani kwetu hunijia na karatasi nyeupe wakitaka niwasaidie kuandika barua ya kuomba kujitolea. Wengi wamemaliza kidato cha nne au chuo, wako nyumbani, na wamesikia kwamba asasi yetu inapokea watu. Wanataka maneno: waanze vipi, wamwandikie nani, waweke sentensi gani itakayomgusa mratibu. Mimi huwaomba waiweke karatasi pembeni kwanza tuzungumze. Jumatano mchana unakuwa wapi? Nani anakutegemea pale nyumbani? Ukipata kibarua kesho asubuhi, nani atakwenda kwa mgonjwa wako? Wapo wanaodhani nawakatisha tamaa. Ndiyo maswali niliyoulizwa mimi nilipoomba, na baada ya miaka kadhaa kwenye kazi hii naamini ndiyo yanayowalinda wagonjwa kuliko jambo jingine lolote tunalofanya pale ofisini.

Asasi yetu ni ya watu wa Temeke, Dar es Salaam, na wengi wetu tuliwahi kuugua kifua kikuu tukapona. Tunazunguka mitaani kuwatafuta wanaokohoa kwa wiki mbili au zaidi, wenye homa za jioni, jasho la usiku na mwili unaokonda bila sababu. Tunawashawishi wakapime. Tunachukua makohozi yao kwenye vikopo na kuyapeleka maabara ya kituo cha afya. Mtu akikutwa na ugonjwa, mmoja wetu anasimama naye miezi sita hadi amalize dawa. Hizo kazi za mwanzo anaweza kuzifanya yeyote mwenye miguu na moyo mzuri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotaka watu wachujwe.

Mzee mmoja kati ya waanzilishi wetu alitibiwa zamani. Hutusimulia kwamba enzi hizo ukigundulika ulilazwa miezi miwili ya mwanzo, kila asubuhi sindano na vidonge, na muuguzi hakuondoka mbele yako mpaka umemeza. Ndivyo ulivyofanya kazi Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977, ambao daktari Karel Styblo kutoka Chekoslovakia aliusaidia kuujenga. Utaratibu uliokomaa hapa kwetu ndio baadaye Shirika la Afya Duniani likaupeleka katika nchi nyingi. Siku hizi mgonjwa wa kawaida halazwi. Anachagua mwenyewe: ameze dawa kituoni mbele ya muuguzi, au nyumbani mbele ya mtu anayemwamini. Dawa zenyewe ni bure katika vituo vya serikali, lakini nauli ya kwenda kila siku si bure, kwa hiyo wengi huchagua nyumbani. Kazi iliyokuwa ya muuguzi wa wodini ikahamia kwa shangazi, kwa mume, kwa jirani. Na pale ambapo hakuna ndugu, inamwangukia mtu wa kujitolea.

Mimi nilisimamiwa na shangazi. Kila asubuhi uji, vidonge, maji, naye amekaa kwenye kigoda akiniangalia mpaka nimalize. Mwezi wa tatu nilikuwa nimenenepa, kikohozi kimekwisha, watu wananiambia nimependeza, na bado dawa za miezi mitatu zinanisubiri. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu huacha. Mwili unakuambia umepona kabla hujapona. Ukiacha, vimelea vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu, na TB sugu ina dawa zake nyingine na mateso yake mengine. Shangazi hakusomea tiba. Alikuwepo tu kila asubuhi, hata siku ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimenuna. Nilipoamua kuomba kujitolea nilikuwa namfikiria mgonjwa ambaye hana shangazi wa namna ile.

Sasa niseme kuhusu barua, maana ndicho vijana wanachokijia.

Barua zinazofika ofisini kwetu zinafanana. Kuna anwani mbili, kuna YAH: kwa herufi kubwa, kuna "husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu "mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, niwezaye kufanya kazi katika mazingira yoyote na chini ya usimamizi mdogo". Muundo sina ugomvi nao. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na barua iliyopangika inaonyesha heshima. Ila hiyo sentensi ya usimamizi mdogo imechukuliwa kwenye barua za kuomba ajira, na kwetu inaleta wasiwasi. Kazi hii inataka usimamizi mwingi, hasa mwanzoni. Tunatafuta mtu anayeuliza kabla hajatenda, anayepiga simu kwa sista, yaani muuguzi, wa kitengo cha TB kusema "mgonjwa wangu macho yamekuwa ya njano, nifanyeje?", asiyeona haya kusema sijui.

Barua yangu ilikuwa nusu ukurasa. Baada ya kichwa cha habari niliandika kwamba niliugua kifua kikuu cha mapafu nikamaliza dawa. Niliandika kwamba nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Tandika, kwa hiyo nina nafasi Jumatano kuanzia saa tisa alasiri na Jumamosi hadi adhuhuri, na asubuhi naweza kupita kwa mgonjwa mmoja aliye njiani kabla ya kufungua duka. Nikaandika kwamba sina pikipiki wala baiskeli, natembea, kwa hiyo nipangiwe mitaa ya karibu. Nikasema Kimakonde nakisikia na kukizungumza, maana nimelelewa na watu wa Newala. Nikamalizia kwa kusema naomba mwaka mmoja, na mwaka ukiisha tukae tuzungumze upya.

Mratibu aliniambia baadaye kwamba ule mstari wa saa na siku ndio aliousoma mara mbili. Ninapowasaidia vijana leo ndipo tunapokaa muda mrefu. Kijana anaandika "niko tayari wakati wowote". Namuuliza, wakati wowote kweli? Anafikiri. Inatokea kwamba ana mama anayeuza samaki soko la Feri na yeye ndiye anayebaki na wadogo zake alfajiri. Basi tuandike hivyo: alfajiri hapana, kuanzia saa nne ndiyo. Mratibu akijua hilo atampa mgonjwa anayemeza dawa saa tano, na pande zote mbili zitakuwa na amani. Asipojua, atampa mgonjwa wa saa kumi na mbili, na ndani ya wiki mbili mgonjwa ataanza kusubiri mtu asiyekuja.

Viambatanisho vilikuwa vile vya kawaida: wasifu, nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha mbili za pasipoti, majina ya wadhamini wawili na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Hiyo ya mwisho watu huilalamikia sana. Unaanza kwa mjumbe wa shina, anakuandikia kikaratasi, unakipeleka ofisi ya mtaa, unasubiri mwenyekiti atoke kwenye kikao, unagongewa mhuri. Mimi naitetea. Mjumbe anajua mengi ambayo wasifu hausemi. Anajua nani ana ulimi mrefu. Mwenyekiti wetu, kabla hajagonga mhuri, aliniuliza kama naelewa kwamba nakwenda kuingia vyumbani mwa watu wanaomchagua, na kwamba nikivuruga nyumba za watu yeye ndiye atakayeletewa kesi. Nilipenda alivyoniuliza. Alikuwa anawajali watu wake.

Kwenye wadhamini, ushauri wangu ni kuacha wakubwa. Vijana huweka diwani, huweka shekhe au mchungaji, watu ambao wakipigiwa simu hawawezi kusema lolote zaidi ya "ni kijana mzuri". Mimi niliweka mwajiri wangu, na mhazini wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka akiba. Mhazini wa kikoba ndiye anayejua kama mtu huleta hisa zake kila wiki, mvua au jua, na kama akichelewa hutoa taarifa au huzima simu. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu hiyo ndiyo sifa inayohesabika.

Usaili ulifanyika kwenye chumba kimoja cha ofisi, milango na madirisha wazi, viti vya plastiki. Walikuwa watatu: mratibu, sista kutoka kituo cha afya, na mama mmoja aliyevaa kanga mbili ambaye hakutambulishwa cheo. Baadaye nilijua kwamba alikuwa mgonjwa aliyemaliza dawa si zamani, na kwamba asasi huweka mtu kama yeye kwenye kila usaili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama tu. Maswali ya mratibu yalikuwa mepesi. Ya sista yalikuwa ya afya yangu, na aliomba kuyauliza tukiwa wawili nje kwenye kibaraza. Alinieleza kwa nini: mtu mwenye kisukari, au anayeishi na VVU, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua TB akikaa karibu na mgonjwa ambaye hajaanza dawa, kwa hiyo wakijua mapema wanampangia kazi nyingine, kama kutunza kumbukumbu au kuwafuatilia walio mwishoni mwa matibabu. Hakuna anayekataliwa kwa sababu hiyo.

Kisha akaanza yule mama.

"Mwanangu, una mdogo wako wa kike?"

Nikasema ninaye.

"Haya. Mdogo wako amechumbiwa na kijana wa nyumba fulani. Wewe unapewa mgonjwa, unafika, unamkuta ni yule yule kijana. Mdogo wako utamwambia nini?"

Nilinyamaza muda mrefu, na hawakunisaidia. Nikasema sitamwambia mdogo wangu; nitazungumza na yule kijana mwenyewe, nimtie moyo awaambie walio karibu naye. Akauliza, na asipotaka? Nikasema nitamwomba mratibu ampe mgonjwa mtu mwingine, lakini siri nitabaki nayo. Akauliza tena, na mdogo wako akija kujua kwamba ulijua? Nikasema atanikasirikia na nitakubali.

Sista ndiye aliyenifafanulia. Wanaoishi nyumba moja na mgonjwa hufuatiliwa na kituo kwa utaratibu wake: wanachunguzwa, na watoto wa chini ya miaka mitano hupewa dawa za kinga. Tena mgonjwa aliyeanza dawa zinazomfaa, baada ya wiki mbili hivi kwa kawaida haambukizi tena. Kwa hiyo kwenye swali la yule mama, familia ya mchumba hailindwi na mtu wa kujitolea kupeleka habari mitaani. Inalindwa na mgonjwa kumeza dawa, na mgonjwa humeza dawa kwa mtu anayemwamini. Siku hizi kuna hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tunawasainisha watu wetu kiapo cha siri. Lakini naona swali la yule mama ndilo linaloingia moyoni kuliko karatasi yoyote, kwa sababu linakuweka ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Swali lake la mwisho lilikuwa fupi: "Utaacha lini?"

Nilimwambia nimeomba mwaka mmoja. Akasema hapana, anauliza jambo gani litanifanya niache kabla ya mwaka. Nikafikiri nikasema: nikihamishiwa duka la Mbezi, nikiugua tena, au mama yangu akiugua kijijini. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Alinieleza siku nyingine kwamba wale wanaojibu "sitaacha kamwe" huwa anawaogopa. Yeye mwenyewe alipoanza dawa alipangiwa binti mchangamfu, mwenye maneno mazuri, ambaye baada ya mwezi hakuonekana tena wala hakuaga. Mama yule alikaa siku kadhaa akidhani binti amemkimbia kwa sababu ya ugonjwa. Alikaribia kuacha dawa, na aibu ndiyo iliyomsukuma kuliko vidonge vyenyewe. Tangu hapo akaomba awe anakaa kwenye usaili.

Baada ya usaili hupewi mgonjwa. Unapewa mafunzo, halafu unatembea nyuma ya mtu mzoefu kwa muda. Mafunzo niliyafurahia. Kuna mambo niliyokuwa nayaona tangu utotoni, kama mgonjwa kutengewa sahani na kikombe chake, ambayo sista aliyaondoa siku ya kwanza: ugonjwa huu husafiri kwa hewa mtu anapokohoa au kupiga chafya, na sahani haina kosa lolote. Kumtengea mtu sahani ni kumvunja moyo bure. Kufungua dirisha ndiyo kinga. Tulielezwa pia habari za panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO pale Morogoro kunusa makohozi, na kwamba sampuli waliyoishuku huhakikiwa tena maabara. Hilo kila kundi la wapya hulipokea kwa mshangao, na hulibeba mitaani kama hadithi ya kufungulia mazungumzo na watu wanaokataa kupima.

Lakini shule yenyewe niliipata kwa kutembea. Niliyefuatana naye alikuwa mama wa makamo, mkazi wa Mtoni kwa Aziz Ali, na nyumba ya kwanza aliyonipeleka ilikuwa ya wapangaji, korido katikati, vyumba huku na huku. Hakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mgonjwa. Alikaa kwanza barazani na mama mwenye nyumba, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakazungumza bei ya mchele. Mgonjwa, kijana wa bodaboda, akatoka mwenyewe kama mtu aliyesikia mgeni wake, wakaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na kamba za nguo. Huko ndiko alikotoa vidonge. Mama aliangalia pakiti, akahesabu kwa macho vilivyobaki, akamwangalia akimeza. Akamuuliza mkojo una rangi gani. Kijana akacheka kwa aibu, akasema kama soda ya chungwa. Mama akamwambia ndivyo dawa zinavyofanya, asihofu, ila akiona macho yana unjano au anatapika sana asisubiri kesho. Akamuuliza magoti yanauma? Usiku amelala? Amekula nini?

Halafu akaomba kuona chumba. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa boksi kwa sababu ya mbu na wezi. Mama hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, hili boksi mchana tulitoe, usiku utalirudisha," akalitoa mwenyewe, akalisimamisha ukutani. Alipoona viatu vya mtoto mlangoni aliuliza ni vya nani. Vya mtoto wa dada yake, wa miaka minne, aliyekuja kukaa naye. Alitaja siku ya kliniki, akamwandikia dada kikaratasi bila kuandika neno TB hata mara moja. Hayo yote yalichukua muda mfupi kuliko mazungumzo ya mchele, na nilielewa kwa nini mazungumzo ya mchele yalikuwa ya lazima. Kwa wapangaji wenzake, kijana yule alitembelewa na shangazi yake.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuvai fulana za asasi tunapokwenda majumbani. Najua wapya wanazipenda. Fulana ni fahari, na picha yake inapendeza. Tunazivaa kwenye maadhimisho ya tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, tunapofanya matembezi na kupima watu viwanjani. Mlangoni kwa mgonjwa fulana yenye maandishi makubwa kifuani ni tangazo kwa majirani, na mgonjwa mmoja aliwahi kuhama chumba kwa sababu ya tangazo la namna hiyo. Kijana akiomba kujitolea na swali lake la kwanza likawa atapata lini fulana na kitambulisho, namjibu kwa upole, lakini namfuatilia kwa karibu.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa sababu watu huzungumza kwa kunong'ona. Kujitolea kwetu hakuna mshahara. Asasi hurudisha nauli na vocha ya simu, na siku za mafunzo kuna chakula. Wapo wanaosema anayeuliza nauli hana moyo wa kujitolea. Sikubaliani nao hata kidogo. Asasi isiyorudisha nauli huishia kuwa na watu wenye nafasi peke yao, na wenye nafasi hawaishi kwenye vichochoro ambako wagonjwa wetu wapo. Mtu aliyepanga chumba jirani na mgonjwa, anayejua choo cha nyumba hiyo kilipo na mama mwenye nyumba anapenda nini, ndiye tunayemtaka, na huyo nauli kwake ni unga wa jioni. Kwa hiyo mwombaji, uliza. Uliza nauli inarudishwa siku hiyo hiyo au mwisho wa mwezi. Uliza ukiugua ukiwa kwenye kazi hii asasi itakusaidiaje. Asasi nzuri haikasirishwi na maswali hayo.

Wengine wanatuchanganya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa serikali, wale wa mpango uliozinduliwa Januari 2024 wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchini ndani ya miaka mitano. Wale wanapata mafunzo ya miezi sita na posho. Ni njia nzuri, na kijana anayetafuta kipato namwelekeza huko bila kinyongo. Kadhaa wamepitia kwetu kwanza. Ninachoomba ni mtu aseme mapema kwamba analenga huko, ili tumpe kazi ambayo akiitwa ghafla haitamwacha mgonjwa njiani.

Kuna mwombaji mmoja ninayemtolea mfano sana. Kijana aliyemaliza stashahada ya uhasibu. Kwenye usaili alisema waziwazi kwamba kuona mtu akikohoa damu kunammaliza nguvu, kwa kuwa baba yake alifariki hivyo. Alidhani tutamwambia kwaheri. Mratibu alimwuliza kama anaweza kuja Jumamosi kuweka sawa daftari la vikopo vya makohozi: kimetoka kwa nani, kimefika lini maabara, majibu yametoka lini, nani bado hajaambiwa majibu yake. Daftari lile lilikuwa linatusumbua. Kijana alilipanga vizuri hata tukaweza kuona ni mitaa gani majibu yanachelewa kuwafikia watu, na mtu wa mtaa huo akapigiwa simu siku hiyo hiyo. Hajawahi kuingia chumba cha mgonjwa. Wagonjwa walioanza dawa mapema kwa sababu yake ni wengi, na hawamjui.

Kanuni moja ya kwetu huwa ngumu kwa wapya wenye huruma: usimpe mgonjwa pesa yako. Mgonjwa anahitaji chakula; wengine wakimeza dawa hizi na njaa tumbo linawachafuka, na ukimkuta hajala tangu jana mkono unakwenda wenyewe mfukoni. Tunasema usitoe, mpigie mratibu, kuna mfuko wa unga na maharage unaochangiwa na wanachama na wafanyabiashara wa sokoni. Naitetea kanuni hiyo, ingawa imewahi kunitoa machozi. Mgonjwa anayejiona ana deni la shukrani kwako hawezi kukuambia kwamba jana hakumeza. Anaogopa kukuudhi. Na aliyepangiwa mtu asiye na kitu mfukoni ataona ametupiwa yatima mwenzake.

Sasa fomu yetu ya maombi ina kipengele ambacho yule mama wa kanga mbili alikipigania mpaka kikaingia: mwombaji anakubali kwamba akitaka kuacha atatoa taarifa mapema na atakwenda mwenyewe kumtambulisha anayemrithi. Makabidhiano hufanyika nyumbani kwa mgonjwa, si kwa simu. Kisha mratibu humuuliza mgonjwa faragha kama mtu mpya anamfaa, na akisema hapana hatuulizi sababu.

Mwenzetu mmoja alipata kazi Dodoma mgonjwa wake akiwa mwezi wa nne. Alitoa taarifa kama alivyoahidi, tukampeleka kijana mwenye mafunzo yote. Mgonjwa, baba mmoja fundi viatu anayeishi peke yake, akasema kijana ni mzuri lakini yeye anamtaka mama lishe wa pale kona, kwa sababu kila asubuhi anakunywa chai kwake na ndiye pekee anayejua anaumwa nini. Mama lishe alipoulizwa alikubali kabla swali halijaisha. Sista alikwenda kumfundisha kibandani kwake saa za alasiri, wateja wakiwa wamepungua: kadi inajazwaje, dalili gani ni za kukimbilia kituoni, akisafiri amwachie nani. Barua ya maombi hakuandika. Mratibu alimjazia fomu palepale juu ya meza ya kulia, na walipofika kwenye nafasi ya mdhamini, mama lishe akamtaja fundi viatu.